Kurudi Ilemela kwa pointi: safu ya ziwa au safu ya bustani?

Pointi 3,200 za kadi ya wateja wa kudumu zinalipia usiku mmoja kwenye safu ya ziwa ya hoteli hii ya ufukweni, upande wa Ilemela, Mwanza. Pointi 2,500 zinalipia usiku mmoja kwenye safu ya bustani. Pengo hilo la pointi 700 ndilo linaloamua kama mgeni wa pointi atalala sawa na mgeni aliyelipa, au atalala kama mtu aliyefadhiliwa. Tathmini hii ni ya ziara ya pili: Jumatatu bustani, Jumanne ziwani, miezi 14 baada ya ziara ya kwanza iliyolipiwa kwa shilingi. Jina la hoteli tunaliacha kando kwa sababu menejimenti imepewa orodha ya kasoro zilizomo humu na imeanza kuzifanyia kazi. Kinachomfaa msomaji ni kujua mambo ya kuuliza, na mambo hayo yanaulizika katika hoteli yoyote ya ufukwe huu yenye kadi ya wateja wa kudumu.

Hesabu kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapoteza. Kadi inatoa pointi 1 kwa kila shilingi 1,000, lakini VAT ya asilimia 18 huondolewa kabla ya kuhesabu. Chumba cha safu ya ziwa katikati ya wiki ni shilingi 280,000. Ukitoa VAT inabaki 237,288, kwa hiyo kadi inasoma pointi 237, wala si 280. Chakula cha jioni cha watu wawili cha shilingi 70,000 kinaleta pointi 59. Vinywaji vya baa, boti na dobi havihesabiwi kabisa. Mgeni anayelala safu ya ziwa na kula jioni hapohapo anakusanya pointi 296 kwa siku, hivyo siku 11 za kulipa zinampa siku 1 ya bure na chenji kidogo.

Sasa thamani ya kuzitumia. Safu ya ziwa katikati ya wiki, kila pointi inaokoa shilingi 87.5. Safu ya bustani inauzwa 210,000, kwa hiyo pointi inaokoa shilingi 84. Ijumaa na Jumamosi safu ya ziwa inapanda hadi 330,000 huku pointi zikibaki zilezile 3,200, na hapo kila pointi inaokoa shilingi 103. Mgahawani, ukiamua kulipia chakula kwa pointi, wanazipokea kwa shilingi 50 tu. Usifanye hivyo. Sahani ya sato ya shilingi 25,000 inameza pointi 500, ambazo ni karibu sehemu ya sita ya usiku mzima wa ziwani.

Wikiendi basi ndiyo yenye faida kubwa kwenye karatasi, ila kuipata ni kazi. Vyumba vya pointi vya Ijumaa na Jumamosi hufunguliwa saa 48 kabla, tena vile tu vilivyobaki. Anayetaka Ijumaa apige simu Jumatano. Msimu wa harusi na sendoff hutapata kitu, na kuanzia wiki ya Krismasi hadi baada ya Mwaka Mpya, pamoja na Pasaka na Idd, pointi hazipokelewi kabisa. Mapokezi wanasema pia kwamba wageni wa wikiendi kutoka Geita na Sengerema wameongezeka tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Jambo hilo linaeleweka: mtu aliyekuwa akipanga foleni ya kivuko sasa anavuka kwa dakika chache.

Kuna kundi moja linaloonewa na utaratibu huu, nalo ni watu wa semina. Mwanza ni jiji la mafunzo na warsha, na vyumba vingi vya katikati ya wiki hulipiwa na mwajiri kwa mkupuo. Vyumba vya mkupuo havileti pointi kwa aliyelala wala kwa aliyelipa. Mwajiri akikupa posho ulipe mwenyewe, hapo unapata, ilimradi risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, itoke kwa jina lako. Pointi zilizosahaulika zinadaiwa ndani ya siku 30 kwa kuonyesha risiti hiyo. Ipige picha siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi ya EFD huchapwa kwa joto: ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani, inakuwa nyeusi au maandishi yanafutika, na bila namba ya risiti madai yanaishia hapo.

Programu ya simu ya hoteli inaonyesha salio la pointi lakini haiweki nafasi. Nafasi inawekwa kwa simu, kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana, siku za kazi, wakati ofisa wa nafasi yupo. Anayepokea simu usiku ana heshima zote lakini hana idhini. Atakuandika kwenye daftari, na daftari halizuii chumba kuuzwa. Omba ujumbe wa maandishi wenye mambo manne: safu, namba ya chumba, kifungua kinywa cha watu wangapi, na saa ya kutoka. Kila moja kati ya hayo manne lina mtego wake.

Namba ya chumba ndiyo kubwa kuliko yote. Vyumba viko 24, vinane kila safu. Safu ya ziwa ni namba 1 hadi 8, safu ya mawe ni 9 hadi 16, safu ya bustani 17 hadi 24. Ukiachia mapokezi wakuchagulie, mgeni wa pointi anapewa namba 1 au namba 8, na si bahati mbaya: ndivyo vyumba vigumu kuuza. Namba 1 imepakana na baa, muziki unakoma saa 5 usiku. Namba 8 iko hatua chache kutoka kwenye kibanda cha jenereta. Omba namba 5 au 6. Kuna jiwe kubwa karibu na vyumba hivyo, na kuanzia saa 10 alasiri kivuli chake kinafika kwenye ukuta wa mbele. Ufukwe huu unatazama magharibi, kwa hiyo vyumba vingine vyote vya safu ya ziwa vinapigwa na jua usoni mpaka linapozama karibu na saa 1 jioni. Mandhari ni ya kupendeza, lakini kibaraza hakikaliki kabla ya saa 11.

Safu ya mawe inavutia kwenye picha kuliko ilivyo kwa kulala. Mawe haya ya Mwanza yanakunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku taratibu. Ukuta uliojengwa kuegemea jiwe bado una uvuguvugu saa 4 usiku. Kiyoyozi kinahangaika. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku ukipoa, joto hilo linakuwa neema. Mwezi wa 9 na wa 10 likwepe.

Safu ya bustani ina tatizo ambalo halionekani mchana. Umeme ukikatika, jenereta inashika baada ya sekunde 20 hivi, taa na feni zinarudi kila mahali, lakini viyoyozi vya namba 17 hadi 24 havijaunganishwa nayo. Fundi wa zamu alieleza sababu bila kuficha: jenereta ni ileile ya tangu hoteli ilipokuwa na vyumba 16, na safu ya tatu ilipoongezwa uwezo wake haukutosha. Usiku wa Jumatatu umeme ulikatika saa 6 na kurudi saa 9. Kwa mgeni aliyelipa 210,000 hiyo ni kero. Kwa anayepanga kutumia pointi 2,500 ni sababu tosha ya kuongeza 700 na kwenda mbele.

Vitanda vya safu zote ni sita kwa sita. Magodoro ya safu ya ziwa yamebadilishwa tangu ziara ya kwanza, ni magumu kiasi na hayabonyei katikati. Ya bustani ni ya zamani. Vyandarua ndivyo vilivyotusikitisha: vingi ni vya ukubwa wa tano kwa sita vilivyovutwa kwa nguvu kwenye kitanda cha sita kwa sita, kwa hiyo pindo haliingii chini ya godoro upande wa ukutani. Kanda ya Ziwa ni eneo la malaria, na chandarua kisichochomekwa ni pambo. Omba kikubwa mara unapofika, saa 8 mchana, kabla stoo haijafungwa. Wanavyo, walileta ndani ya robo saa.

Jambo ambalo halimo kwenye kijitabu chochote cha hoteli, na ambalo lingetakiwa liwe la kwanza katika kupanga tarehe, ni mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi wakati wa giza, kwa sababu dagaa wanafuata taa na mbalamwezi inaizidi taa nguvu. Siku zinazozunguka mwezi mpevu mitumbwi mingi inapumzika. Ukija wakati wa giza, kuanzia saa 2 usiku unaona mstari wa taa kwenye upeo wa ziwa, mamia kwa mamia, kana kwamba kuna mji mwingine ng'ambo. Asubuhi yake jikoni kuna dagaa wabichi. Ukija mbalamwezi, ziwa linang'aa lenyewe lakini taa hakuna, na dagaa unaopewa ni wa kukausha.

Giza lina gharama yake. Siku chache baada ya mwezi mwandamo ndipo wale wadudu wadogo wa ziwani wanapoibuka kwa wingi, wakipanda juu ya maji kama moshi wa tanuru. Hawaumi, ila upepo ukiwaleta pwani wanajaa kwenye kila taa. Katika ziara ya kwanza taa za vibaraza zilikuwa za rangi ya njano iliyofifia na wadudu walikuwa wachache. Sasa hoteli imeweka balbu nyeupe kali, bila shaka kwa ajili ya usalama na picha, na matokeo yake ni lundo la wadudu mlangoni kila asubuhi, na mijusi iliyoshiba. Mwanga mweupe wenye kuelekea bluu unawavuta kuliko wa njano. Zima taa ya kibaraza kabla ya saa 1 jioni, funga dirisha la nyavu, washa taa ya kitandani tu. Menejimenti ikirudisha balbu za njano itakuwa imetengeneza nusu ya malalamiko ya wageni kwa pesa ndogo sana.

Ufukwe umepungua. Ziwa Victoria lilipanda sana mwaka 2020 na likapanda tena 2024, na alama zake zinaonekana: ngazi tatu za chini za gati zimebaki na utelezi wa kijani, miti miwili ya mstari wa mbele imekauka kwa mizizi kukaa majini, na mchanga uliobaki ni ukanda mwembamba mbele ya ukuta wa mawe. Vyumba havikuguswa kwa kuwa vimejengwa nyuma ya mita 60, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka kwa kingo za maziwa. Banda la vinywaji lililokuwa mbele halipo tena. Anayekuja kwa ajili ya kulala mchangani mchana kutwa ajue kwamba viti 12 vinagombewa na wageni 40 siku hoteli ikijaa. Katikati ya wiki vinatosha.

Kuogelea ziwani kunahitaji maneno ya wazi, na hoteli inayazungukazunguka. Kichocho kipo Ziwa Victoria. Konokono wanaokibeba hupenda kingo tulivu zenye majani na matete, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri. Hoteli imefyeka matete mbele yake na hilo linasaidia, lakini upande wa kaskazini wa gati magugu maji yanasukumwa na upepo na kujikusanya. Usiingie maji hapo, na watoto wasichezee hapo hata kwa miguu. Bwawa la hoteli ni salama iwapo klorini inawekwa. Muulize mhudumu wa bwawa akuonyeshe kipimo, anacho na anakitumia asubuhi na jioni. Aliyeogelea ziwani apime baada ya wiki 6 hadi 8. Kukimbilia kumeza prazikwanteli siku ileile hakusaidii, kwa sababu dawa hiyo haiui minyoo ikiwa bado michanga.

Maji ya bafuni nayo yanatoka ziwani. Hoteli ina simtanki nne za lita 10,000, zinazotumika kwa zamu: mbili zinajazwa na kutulia siku mbili, mbili zinatumika. Utaratibu huo ni mzuri, maana vijidudu vya kichocho haviishi zaidi ya siku mbili hivi bila kumpata mtu. Mgeni asidhani kwamba maji hayo yanafaa kunywa. Chupa mbili za lita moja na nusu zinawekwa chumbani bure kila siku, hata kwa mgeni wa pointi. Presha ya maji ya moto bustani ni hafifu kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, wote wanapooga pamoja.

Jikoni ndiko hoteli inakostahili sifa bila kupunguza neno. Sato wa kuchoma anakuja mzima, wa gramu 600 hivi, amepasuliwa mgongoni, na kumchoma kunachukua dakika 40 kwa sababu wanaanza na samaki mbichi. Akija kwa dakika 15, ujue alichomwa mapema. Mrudishe kwa upole. Uliza kama ni wa ziwani au wa vizimba. Wa vizimba ana mafuta zaidi na ukubwa uleule kila siku, wa ziwani ana nyama ya kukaza na ladha safi, na mpishi mkuu hakosi kusema ukweli. Sangara waliagizwa minofu ya kukaanga, ikaja mikavu pembeni. Heri mchuzi wa sangara wa nazi. Omba ugali wa udaga (unga wa muhogo uliovundikwa), haumo kwenye orodha ya vyakula lakini unapikwa kwa wafanyakazi kila siku, na wanaupakua kwa moyo mweupe mgeni akiutaka.

Kifungua kinywa kimebadilika na kuwa bora. Badala ya soseji na maharage ya kopo peke yake, sasa pembeni kuna michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) iliyopikwa na karanga, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa), uji wa ulezi na mtindi. Hapa nako kuna mtego: usiku wa pointi una kifungua kinywa cha mtu mmoja. Wa pili analipa shilingi 18,000. Ikiandikwa kwenye ujumbe wa kuthibitisha kwamba ni watu wawili, wanaheshimu; isipoandikwa, inajitokeza kwenye bili ya mwisho. Wahudumu wa mezani hawamtofautishi mgeni wa pointi na mwingine, jambo ambalo halikuwepo mara ya kwanza, wakati wageni wa kadi walipoitwa kwa sauti kutoka mapokezi.

Boti ya kuzunguka ni shilingi 60,000 kwa saa, watu sita. Itoke asubuhi, kati ya saa 1 na saa 4. Upepo wa kutoka ziwani unaanza kupanda kuelekea mchana, na alasiri mawimbi yanapiga ubavuni muda wote wa kurudi. Dhoruba nyingi za ziwa hili huzaliwa usiku, kwa hiyo tazama mawingu kabla ya kushuka gatini, na usikubali kuondoka bila jaketi okozi kwa kila mtu. Mawili kati ya yale sita yalikuwa na kamba zilizokatika. Nahodha aliyabadilisha alipoambiwa. Angeyabadilisha kabla ya kuambiwa. Kwa hifadhi ya Kisiwa cha Saanane usitumie boti hii: ni mbali kutoka Ilemela na bei inapaa. Nenda Capri Point, ambako boti za hifadhi zinavuka kwa dakika chache.

Kufika si shida kwa anayetoka uwanja wa ndege, bajaji inatosha. Anayeshuka stendi ya Nyegezi atavuka jiji zima, atenge saa nzima jioni. Wa Nyamhongolo ana njia fupi zaidi. Daladala ya Airport inakuacha barabara kuu, kisha bodaboda kilomita 2 za vumbi, ambazo wakati wa masika ni tope la kuzamisha gari dogo. Hoteli inatuma gari la juu bila malipo ukiwapigia.

Kuna amana ya shilingi 50,000 kwa mgeni wa pointi, inayolipwa kwa lipa namba. Inarudishwa kwa simu baada ya siku 3, ikiwa imekatwa ada ya kutuma. Lipa taslimu badala yake, udai ikiwa taslimu unapoondoka. Saa ya kutoka ni mtego wa mwisho: mgeni wa kulipa anatoka saa 6 mchana, wa pointi saa 4 asubuhi. Hatukuona sababu yoyote ya kuwatofautisha, na mhasibu naye hakuwa nayo. Ukiomba saa 6 wakati wa kuweka nafasi wanakubali. Ukiomba asubuhi ya kuondoka inategemea nani yuko zamu.

Pointi zinakufa baada ya miezi 24 bila matumizi, lakini ununuzi wowote wenye kuhesabiwa unasogeza tarehe ya salio zima. Chai na chapati mbili mgahawani, kadi ikiwa mkononi kabla bili haijachapwa, zinatosha.